Ushauri: Nafundishaje usimamizi wa miradi kwa watu wa programu huria, ambako hakuna wa kumwagiza mwenzake?

MwalimuWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nimepewa darasa la usimamizi wa miradi kwa watu wanaotaka kuingia, au wameshaingia, kwenye jamii za programu huria (programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili). Ni la jioni, kwa mtandao, kwa miezi miwili. Darasa ni mchanganyiko: waandishi wa msimbo, watafsiri, wanaoandika miongozo ya watumiaji, na mchoraji mmoja wa nembo na vitufe ambaye nahisi ndiye mwenye nidhamu kuliko wote.

Kufundisha usimamizi nimefanya muda mrefu, ila ule wa maofisini: upeo wa mradi, bajeti, chati ya Gantt (ratiba ya kazi iliyochorwa kwa mistari), daftari la vihatarishi, nani anaripoti kwa nani. Nimefungua muhtasari wangu niupunguze ulifae darasa hili, nikaona karibu kila ukurasa umeegemea kitu ambacho huku hakipo, yaani mamlaka ya kumpangia mtu kazi. Muhtasari unasema "Mpe kazi mwenye ujuzi unaofaa." Nimpe mimi kama nani? Mtu anachangia akishamaliza shughuli zake, akichoka haagi, na akikasirika ananakili msimbo wote na kwenda kuanzisha mradi wake, leseni inamruhusu.

Kwenye kikao cha utambulisho mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kama hakuna anayeweza kuniagiza, wewe utatufundisha kusimamia nini?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia atapata jibu somo la kwanza, na somo la kwanza ndilo hilo linakuja.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Kwenye usimamizi wa kawaida niache nini, nibakize nini? Wafanye mazoezi kwenye mradi hai au niwatungie wa kuigiza? Na nitawapimaje, maana hapa siwezi kusema "aliyemaliza kwa wakati na ndani ya bajeti apewe alama zote"?

Nawasilisha.

KijitiMoto

Waambie kwanza hakuna posho, halafu uone wangapi watarudi somo la pili. Watakaobaki ndio wachangiaji, usaili umeisha.

MwalimuWaZamu

Hahaha, mkuu, hilo wanalijua. Nusu yao tayari wanachangia. Karibuni wadau wengine.

Mkaguzi_Mkongwe

Mwalimu, huyo mwanafunzi mjibu hivi: utawafundisha kusimamia foleni.

Wengi hudhani mradi huria hukwama kwa sababu waandishi wa msimbo ni wachache. Ingia kwenye mradi wowote uliokomaa, tazama maombi ya kuunganisha msimbo yaliyo wazi, yaani watu wanaoomba mabadiliko yao yaingizwe kwenye mradi. Mtu ametuma kiraka (mabadiliko ya msimbo) cha mistari arobaini, kimepita majaribio yote ya mashine, kinasubiri. Wiki ya pili anauliza kwa adabu kama kuna cha kurekebisha. Kimya. Wiki ya nne mwingine anaunganisha kitu kilichogusa faili ileile, kiraka kinagongana nacho, mwenyewe anaombwa akisawazishe. Anakisawazisha. Kimya tena. Ukija mwezi wa tatu huyo mtu humkuti, na hatarudi. Kilichokosekana hapo ni saa moja ya mtu anayeuelewa ule msimbo kiasi cha kusema ndiyo au hapana. Saa hizo ndizo bajeti ya mradi huria, na mipango yote inabidi ianzie kwenye uchache wake.

Waonyeshe PostgreSQL, mradi wa hifadhidata, wanavyofanya. Wana vipindi wanaviita CommitFest: mwezi unatengwa kwa ajili ya kupitia viraka vilivyokwisha kupangwa foleni, na vipya vinakaa pembeni vikisubiri kipindi kingine. Na anayetuma kiraka anatarajiwa apitie cha mwenzake chenye uzito wa kulingana na chake. Hakuna askari wa kumkamata asiyefanya hivyo, ila orodha iko hadharani na jina lake linaonekana.

Cha pili ni tarehe. Linux hutoa toleo jipya la kernel (kiini cha mfumo endeshi) kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Wiki mbili za mwanzo dirisha la kuunganisha (muda wa kupokea mabadiliko mapya) liko wazi. Likifungwa, Linus Torvalds, mwanzilishi wake, anatoa toleo la majaribio karibu kila wiki, na huwa linafika la saba au la nane ndipo toleo kamili linatoka. Kipengele ambacho hakijaiva hakisubiriwi, kitaingia dirisha lijalo. Kwa hiyo hakuna aliyemsukuma mtu amalize. Mtu anajisukuma mwenyewe kwa sababu anajua dirisha linafungwa lini, na akikosa anajua jingine liko lini.

Halafu walinganishe na Debian, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, wanaotoa toleo likiwa tayari. Usiwaache wanafunzi waondoke wakidhani hiyo ni kukaa tu kusubiri. Debian wanagandisha kwa hatua: kwanza mabadiliko makubwa yanazuiwa, halafu vifurushi vipya, mwisho kila kitu kinaombewa ruhusa. Wakati huo wote wanahesabu hitilafu zinazozuia toleo. Ubuntu, mfumo wa aina hiyohiyo, wao walichagua kalenda tangu 2004, kila miezi sita, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi. Matoleo huwa ya 04 na 10, yaani Aprili na Oktoba, ila kuna moja la 6.06. Lile lilisogezwa hadi Juni 2006 ili liive zaidi. Darasani hiyo ni mada ya nusu saa: nani ana haki ya kusogeza tarehe, anatangaza lini, na anawaambiaje watu waliopanga mambo yao kwa kuifuata.

Daftari la vihatarishi libakize. Upeo pia, ila uwe wa toleo, usiwe wa mradi mzima. Ule ukurasa wa kugawa rasilimali watu uchane.

AfisaMipango

Mkaguzi umenena ila nakupinga kidogo, kwa sababu darasa likitoka na picha ya mtu anayeandika msimbo usiku bila malipo litakuwa limepata nusu ya habari. Sehemu kubwa ya kernel ya Linux inaandikwa na walioajiriwa na kampuni kufanya kazi hiyohiyo. Kubernetes, programu ya kuendesha mifumo kwenye seva nyingi, ilizaliwa Google mwaka 2014 na hadi leo wengi wanaoibeba wako kwenye mishahara. Wanafunzi wako wengine wataajiriwa huko huko, Mwalimu.

Kwa hiyo mshahara upo. Amri ndiyo inayoishia mlangoni. Bosi wangu anaweza kuniagiza niandike kipengele, hawezi kumwagiza mtunzaji wa mradi (mwenye ruhusa ya kuingiza msimbo) akipokee. Nilishafanya kazi kwenye kampuni iliyomwahidi mteja kipengele fulani kwa maandishi, mkataba ukasainiwa, na hakuna aliyekuwa ameuliza kwenye jamii kama kinatakiwa. Watunzaji wakakikataa, tena kwa hoja nzuri tu: kingewaongezea mzigo wa miaka kwa ajili ya matumizi ya mtu mmoja. Tukabaki na kiraka chetu pembeni. Kila toleo jipya likitoka tunakibandika upya, na kila tukikibandika kinavunjika mahali pengine. Gharama ya kukibandika ilipita gharama ya kukiandika, na kwenye chati ya Gantt ya yule meneja haikuwa na hata mstari mmoja.

Fundisha hilo: mazungumzo kwanza, msimbo baadaye. Kwenye lugha za kuandikia programu, Python wana hati zao za mapendekezo ziitwazo PEP, Rust wana za RFC, na zote zinafanya kazi moja. Kabla hujatumia miezi kuandika, unaweka wazo mezani, unasema linatatua nini, ulifikiria njia gani nyingine na kwa nini umeziacha. Meneja wa huku kazi yake ya kwanza ni kujua kama "hapana" inakuja, na kuijua mapema.

Mkaguzi_Mkongwe

AfisaMipango, hapo sina ubishi. Mwalimu, ongeza kwenye daftari la vihatarishi mstari wa kudumu: "jamii inaweza kukataa." Kila mradi wa mwanafunzi uwe nao.

DadaWaTafsiri

Mwalimu shikamoo. Naona wakubwa wanaongea msimbo tu, ngoja niwasemee hao watafsiri wako kabla hawajasinzia.

Kisa cha kawaida kabisa. Timu ya lugha imemaliza, imefikisha asilimia 100, watu wamepongezana. Siku mbili kabla ya toleo msanidi mmoja anaona sentensi haina nukta mwishoni, anaiongeza. Kosa dogo, nia njema. Kwenye gettext, zana ya kutafsiri programu, sentensi ya asili ndiyo ufunguo wa tafsiri, kwa hiyo ikibadilika hata kwa nukta, tafsiri yake kwa kila lugha inawekewa alama ya kutiliwa shaka. Faili likikusanywa, zenye alama hiyo zinaachwa. Mtumiaji anafungua toleo jipya, menyu yote iko kwa lugha yake, katikati sentensi moja imerudi Kiingereza. Anayelaumiwa ni mtafsiri.

Dawa yake ni ya kiusimamizi, na ipo. GNOME, mradi wa mwonekano wa skrini kwenye Linux, wana kipindi cha kugandisha maandishi kabla ya kila toleo, na anayetaka kugusa sentensi baada ya hapo anaomba ruhusa kwa timu ya tafsiri. Hebu fikiria: mwandishi wa msimbo, pengine mwenye miaka mingi kwenye mradi, anaomba ruhusa kwa watafsiri aweke nukta! Hapo ndipo wanafunzi wataelewa kwamba mamlaka kwenye miradi hii hugawanywa kwa kufuata nani ataumia.

Zoezi: kila mwanafunzi aandike tangazo la kugandisha maandishi. Liseme linaanza lini kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia (watu wako kila kona ya dunia, "Ijumaa jioni" haina maana), nini hakiguswi, nini bado kinaruhusiwa, na ruhusa inaombwa wapi. Lisizidi aya mbili. Utashangaa watu wanavyoshindwa kuandika aya mbili.

MwalimuWaZamu

Marahaba dada. Hili la nukta sikuwa nalijua kabisa na litaingia somo la pili. Asanteni sana, mkuu Mkaguzi na AfisaMipango pia.

Niulize hapo hapo: kama mamlaka yamegawanywa hivyo, wakigongana nani anaamua? Muhtasari wangu una "kamati ya uendeshaji ya mradi" na nashuku huku haina wenyewe.

KatibaKwanza

Hapo ndipo penye utamu. Kuna njia nyingi na usiwape moja.

Apache, taasisi ya programu huria ya tangu 1999, wanapiga kura kwa +1 (ndiyo), 0 (sina upande) na -1 (hapana) hadharani kwenye orodha ya barua pepe. Kura ya -1 kwenye mabadiliko ya msimbo ni turufu, inazuia, lakini sharti iambatane na sababu ya kiufundi. "Sipendi" haihesabiwi. Kura ya kutoa toleo haina turufu, inataka angalau +1 tatu na ziwe nyingi kuliko za kukataa. Kwa kawaida kura inaachwa wazi si chini ya saa 72, ili mtu aliyelala, aliye safarini au anayechangia wikendi tu naye aione. Mambo madogo wala hayapigiwi kura: unatangaza unachotaka kufanya, asipotokea wa kupinga unaendelea.

Darasa lako la maofisini linafanya kinyume: uamuzi unafikiwa kikaoni, kisha muhtasari unasambazwa. Huku asiyekuwepo kikaoni anaweza kuwa ndiye atakayeutunza huo msimbo. Kwa hiyo hata watu watatu wakikubaliana kwa simu, wanarudi kuandika pendekezo hadharani na kusubiri.

Python ni somo jingine. Guido van Rossum, muasisi wake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwa miaka mingi. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya PEP 572 (pendekezo la kuongeza alama ya := kwenye lugha), akajiuzulu nafasi hiyo. Jamii ikajikuta inabidi iamue jinsi ya kuamua. Mapendekezo kadhaa ya uongozi yakaandikwa, yakapigiwa kura Desemba mwaka huohuo, na tangu 2019 kuna baraza la watu watano wa kuchaguliwa. Wamejiwekea pia kwamba si zaidi ya wawili watoke kwa mwajiri mmoja. AfisaMipango ataelewa kwa nini.

Debian wana katiba tangu 1998 na wanachagua kiongozi kila mwaka, kiongozi ambaye hawezi kumlazimisha mwanachama yeyote afanye kazi asiyoitaka. Imeandikwa kwenye katiba kabisa. Mpe huyo mwanafunzi wako mcheshi akaisome.

Wasiporidhika kabisa wanajitenga. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilizaliwa 2010 kwa kujitenga na OpenOffice.org. io.js ilijitenga na Node.js (zana ya kuendesha JavaScript kwenye seva) mwishoni mwa 2014, mwaka uliofuata wakarudiana. Usifundishe kujitenga kama maafa. Ile nafasi ya watu kuondoka na msimbo ndiyo inayomfanya kiongozi asikilize.

Zoezi langu: chagua uamuzi mmoja wa hadharani wenye barua nyingi, wape wasome, waonyeshe kwa kidole ni barua ipi ambapo mambo yaliamuliwa. Mara nyingi si ile yenye neno "uamuzi". Ni ile ya mpinzani mkuu anaposema "sawa, kama mtaongeza majaribio sina pingamizi."

KijitiMoto

Sisi tunapiga +1 humu kila siku na hakuna linaloamuliwa.

MwalimuWaZamu

KijitiMoto utaniua.

KatibaKwanza, hapo kwenye kidole nimepapenda mno. Sasa turudi swali la pili: mradi hai au wa kuigiza? Mimi nilikuwa naelekea kuwaambia kila mmoja achague mradi mtandaoni, atume mchango, ukipokelewa apate alama.

Mtunzaji_Amechoka

Nimeingia humu kwa ajili ya sentensi hiyo ya mwisho. Mwalimu, tafadhali usifanye hivyo.

Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest ilikuwa inatoa fulana kwa atakayetuma idadi fulani ya maombi ya kuunganisha. Watunzaji wakaamka na mafuriko: mtu kaongeza neno moja la kusifia kwenye README (faili la maelezo ya mradi), mwingine kaondoa nafasi, mwingine kaongeza jina lake. Mamia ya takataka, na kila moja lazima mtu alifungue, alisome, alifunge, na ajibiwe "kwa nini umenikatalia?" Ndani ya siku chache tu waandaaji wakabadili kanuni, ikawa miradi inayohesabiwa ni ile iliyojiandikisha yenyewe. Sasa badala ya fulana weka alama za darasa. Ni kitu kilekile, na cha kwako kina mwalimu nyuma yake.

Tena soma alichoandika Mkaguzi pale juu. Saa za kupitia ndizo adimu. Darasa la watu ishirini likija kwangu wiki moja, limekula saa zangu za msimu mzima.

Kama unataka mradi hai, andika kwanza kwa watunzaji. Sema una watu wangapi, wanajua nini, watakuwepo lini mpaka lini, na uulize kazi gani inawasaidia. Wakinyamaza, jibu ni hapana, nenda kwingine. Na ukikubaliwa, usianze na msimbo. Nipe watu wa kuchambua tiketi (taarifa za hitilafu na maombi yanayoletwa kwenye mradi): hii hitilafu bado ipo kwenye toleo la sasa? Hatua za kuirudia ni zipi? Ile tiketi nyingine si ndiyo hii hii? Mtu akinifungia tiketi thelathini za kujirudia kwa heshima, bila kumuudhi aliyeziripoti, huyo kanifanyia kazi kubwa kuliko wa kiraka. Na amejifunza usimamizi, maana amelazimika kuamua nini ni cha haraka, nini cha kusubiri, na nini hakitafanyika kamwe.

Hilo la "hakitafanyika kamwe" lifundishe kwa makusudi. Watu wema hawajui kukataa. Wanaacha tiketi wazi miaka sita wakidhani ni upole.

DadaWaTafsiri

Nakazia. Mlioguswa na hilo la mwisho mnajijua.

AfisaMipango

Outreachy, mpango wa kuingiza wachangiaji wapya, wamelipanga vizuri: mwombaji anafanya mchango mdogo kwenye mradi wakati bado anaomba nafasi, na kila mradi una washauri waliokubali mapema kupokea watu. Google Summer of Code, tangu 2005, nayo haikuingizi kwenye mradi usio na mshauri. Mwalimu akikosa mshauri ndani ya mradi, afadhali abaki na mradi wa kuigiza.

Mtunzaji_Amechoka

Naam. Na alama zisifungwe kwenye kupokelewa. Kupokelewa kunanitegemea mimi, na mimi naweza kuwa naumwa.

Funguo7

Mmeongelea kuingia, kuamua, kutoa toleo. Kuondoka hamjagusa, na ndiko miradi inakofia.

Aprili 2014 ilipolipuka habari ya kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed, dunia ikagundua kwamba OpenSSL, programu ya usimbaji iliyokuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti, inabebwa na watu wachache mno. Miaka kumi baadaye, Machi 2024, ikaja ya xz, programu ya kubana faili. Mtunzaji alikuwa peke yake na alishasema hadharani kwamba amechoka. Akaunti zisizojulikana zikawa zinamshinikiza aongeze msaidizi. Msaidizi alikuwepo, mpole, mchapakazi, amejenga uaminifu kwa miaka kama miwili. Mwishowe msaidizi huyo akapewa mamlaka, na matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyegundua ni Andres Freund, msanidi wa PostgreSQL, kwa sababu tu kuingia kwa SSH (njia ya kufikia seva kwa mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na hakukubali kupuuza.

Wengi hufundisha kisa hicho kwenye somo la usalama. Mimi nakiona ni kisa cha usimamizi. Mtu mmoja kubeba mzigo ni kihatarishi, na kumkabidhi mwingine kwa haraka kwa sababu umebanwa ni kihatarishi pia. Makabidhiano yanataka kupangwa wakati mtunzaji bado ana nguvu.

Zoezi langu halihitaji hata msimbo. Chukua mradi mdogo wa wanafunzi wenyewe, uliza: mwenye mradi akitoweka kesho, nani ana nenosiri la seva? Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Ufunguo wa kusaini matoleo uko kwenye kompyuta ngapi? Nani anaweza kumwongeza mtunzaji mpya? Jibu likiwa jina lilelile mara zote, mpango wa makabidhiano ndiyo kazi yao ya wiki hiyo.

Mgeni_Mpya

Samahani wakuu, mimi ni msomaji tu. Fedha hazifundishwi? Michango, wafadhili?

KatibaKwanza

Zinafundishwa, ila kwa kozi ya miezi miwili somo moja linatosha: fedha zikae kwenye taasisi mama na si mfukoni mwa mtu, na matumizi yaonekane. Apache, pamoja na ufadhili wote, hawalipi watu kuandika msimbo wa miradi yao. Wanalipia seva, sheria, mambo ya namna hiyo. Wengine wanalipa. Yote mawili yana matatizo yake na huo ni uzi mwingine.

MwalimuWaZamu

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimekaa nikapanga upya, niambieni nilipopotoka.

Somo la kwanza foleni, tena tunaingia moja kwa moja kwenye orodha ya maombi ya mradi halisi, tunasoma tu bila kugusa. La pili kalenda na kugandisha, pamoja na tangazo la dada. Kisha maamuzi, nadhani yatachukua masomo mawili kwa sababu nataka wapige kura ya saa 72 kweli juu ya kanuni za darasa lenyewe. Kisha pendekezo kabla ya msimbo. Wanaokubaliwa na mradi hai wanaenda kuchambua tiketi, na barua kwa watunzaji nimeanza kuiandika leo ili jibu lipatikane mapema. Tunamalizia na makabidhiano. Gantt imebaki kwa dakika kumi, kwa heshima ya AfisaMipango. Vihatarishi vinatembea nasi kila somo.

Kilichobaki ni kupima. Naona zoezi la kila wiki liwe na alama, lakini nataka kitu kimoja cha mwisho kinachoonyesha mtu ameiva.

Mkaguzi_Mkongwe

Somo la kwanza liko sawa. Kura ya saa 72, hakikisha kuna mtu mmoja wa kupiga -1, hata kama ni wewe, ili wajifunze kuidai sababu.

Mtihani wa mwisho: mpe mwanafunzi tiketi moja halisi yenye maoni sitini au zaidi, watu wamebishana kwa miaka. Aandike muhtasari wa mistari kumi. Nini kimekubaliwa, nini bado, hoja kali ya kila upande iandikwe kwa namna ambayo mwenye hoja mwenyewe ataikubali, nani anasubiriwa, na hatua moja inayofuata. Sahihisha kwa kuangalia kama ungethubutu kuubandika chini ya ile tiketi kwa jina lako. Anayeweza hiyo anaweza kuendesha mradi, hata kama hajui kuandika mstari wa msimbo. Nadhani yule mchoraji wako atawashinda wote.

DadaWaTafsiri

Na upande ulioshindwa usiitwe "waliopinga". Majina hayo yanaanzisha maoni mengine sitini.

MwalimuWaZamu

Mtihani umepatikana. Sasa wadau, nisaidieni tiketi zenyewe. Nataka ndefu, ya hadharani, yenye watu wenye hoja za kweli pande zote.

Mtunzaji_Amechoka

Mradi wowote ule, tafuta tiketi ya watu wanaoomba mandhari ya giza (mwonekano wa skrini nyeusi). Chagua ya zamani kuliko zote.

KijitiMoto

+1